Mche wa Januari, Jua la Oktoba

"Huu unakubali popote, mama. Popote kabisa."

Kijana wa kitalu alikuwa ameshika mche wa mparachichi kwa kiriba chake, anauzungusha taratibu ili mteja auone pande zote. Mvua ilikuwa imekatika muda huohuo. Kando ya barabara ya kwenda Mtumba kila kitu kilikuwa kinang'aa, hata vumbi lilikuwa limekaa kimya. Mama aliyekuwa mbele yangu alishapakia kwenye buti miashoki, mitende ya mapambo na mawaridi. Akaongeza miparachichi mitatu. Alipokuwa anahesabu hela akakumbuka jambo.

"Na tufaa mnayo?"

"Ipo."

"Nayo inakubali huku?"

"Inakubali, mama."

Akalipa, akaondoka. Mimi nikabaki na mche wangu wa komamanga mkononi na swali lililonifuata wiki kadhaa: yule kijana alikuwa anadanganya?

Sidhani.

Kila mche uliokuwa pale ulikuwa mzima, majani mabichi, udongo wa kiriba umelowa. Ungeupanda jioni ile popote pale mjini na kesho yake ungeukuta umesimama. Januari, Dodoma, kila kitu kinakubali.

Mwezi wa kununua

Wenye kuishi huku hawahitaji kuelezwa mvua zetu. Zinaanza Desemba, zinakwisha Aprili, na mwaka mzima tukipata milimita 550 au 600 tunashukuru. Bukoba inapata karibu 2,000, tena karibu kila mwezi kuna kitu. Lakini si jumla inayoua miche yetu. Kinachoiua ni mpangilio. Milimita zetu zinashuka ndani ya miezi minne au mitano, nyingine kwa mafungu makubwa yanayokimbilia korongoni kabla udongo haujajua kilichotokea, na katikati ya msimu kuna wiki za jua kali zinazomkondesha mkulima wa mtama. Baada ya hapo ni Mei mpaka Novemba. Hakuna kitu.

Mti haunywi wastani wa mwaka. Unanywa kilichopo ardhini siku ile.

Nasi tunanunua miche lini? Januari na Februari, tukiwa tumelainika mioyo kwa kijani. Vitalu navyo vinajaa wakati huo. Sijawahi kuona foleni kitaluni mwezi wa Oktoba, ingawa huo ndio mwezi unaoamua kila kitu. Jua la Oktoba linafikisha joto nyuzi 30 karibu kila mchana. Upepo unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika ndio huohuo unaopita kwenye majani. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Na mchwa, ambao Januari walikuwa na mabua na majani makavu ya kuwatosha, sasa wanautafuta mmea pekee wenye unyevu mtaa mzima, yaani mche wako unaoumwagilia kwa mapenzi. Unauona asubuhi umesimama vizuri, ukiugusa unaanguka: gome limeliwa chini kidogo ya uso wa udongo, pete nzima.

Kwa hiyo swali la "unakubali?" halikuwa swali. La kuuliza lilikuwa hili: Oktoba huu mti utakunywa nini, na nani atakuwa ameshika ndoo?

Kila mtu na kijani chake

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, kwa sababu jibu rahisi lipo na linanikera.

Jibu rahisi linasema: uko Dodoma, panda vya Dodoma. Mibuyu, mikwaju, migunga. Migomba waachie Wahaya kwao, miparachichi waachie watu wa Njombe.

Lakini tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku, mji huu umejaa watu waliokuja na picha ya nyumbani kichwani. Mchagga ana kihamba chake, Mhaya ana kibanja (yote ni mashamba ya migomba ya nyumbani), mtu wa Tanga hawezi kulala bila mchungwa, aliyetoka Dar lazima apange miashoki kando ya ukuta. Pita mitaa mipya ya Iyumbu au Nzuguni, utakisia mkoa wa mwenye nyumba kabla hujafika getini. Mtu anayepanda mgomba uani si mjinga wa jiografia. Anajaribu kuishi. Kumwambia ang'oe ni kumwambia jambo kubwa kuliko mgomba.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mama mmoja wa Bukoba. Migomba yake naiona juu ya ukuta, mirefu, majani mapana, na mwaka jana mwezi wa tisa ilikuwa na mkungu. Wengine wote walioijaribu mtaani walishaikata ikiwa vijiti. Siku moja ya Oktoba nikabisha hodi, nikamwambia ukweli kwamba nimekuja kuona migomba.

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Bomba la bafu na la sinki la jikoni halikuingia kwenye karo. Limetokeza ukutani na kumwaga ndani ya shimo pana alilolijaza samadi, mabua na magogo ya migomba iliyokwisha kuzaa, yamepasuliwa na kulazwa chali. Majani makavu hayafagiliwi. Yamelala mpaka huoni udongo, na ukiingiza kidole chini yake ni baridi, Oktoba ile. Upande unakotoka upepo kuna ukuta wa tofali. Upepo ukivuma majani ya nje tu ndiyo yanachanika.

Wako watano ndani ya nyumba. Kila mmoja akioga ndoo moja ya lita 20, ni lita 100 kila siku ya Mungu, bila mtu kukumbuka kumwagilia. Dawa ya kung'arishia nguo haiingii humo, maji yake anayamwaga kwingine, na mchicha wa kula hauko jirani na shimo hilo.

"Mimi sijapanda migomba Dodoma," aliniambia, anacheka. "Nimepanda bafuni."

Nilirudi nyumbani nikakizunguka kiwanja changu upya.

Mvua yako si ya jirani

Hali ya hewa ya Dodoma iko kwenye vitabu vya jiografia. Ya kiwanja chako haijaandikwa popote, na ndani ya mita 20 kwa 30 unaweza kuwa nazo tatu au nne.

Anza na bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 550, linapokea kama lita 55,000 kwa msimu. Ondoa zinazoruka na zinazovuja, bado ni maji mengi. Yanadondokea wapi? Kwetu yalikuwa yanachimba mfereji mdogo kuelekea barabarani. Ardhi iliyo hatua mbili tatu kutoka kwenye ncha ya bati (si karibu na msingi, tafadhali) inaweza kupata mvua mara mbili ya ile inayotajwa redioni. Mpera unafurahi hapo. Mlimao pia.

Sasa nenda upande wa magharibi. Ukuta wa tofali unapigwa na jua kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili, na usiku bado unatoa joto. Ukiongeza pevingi chini, umetengeneza tanuri. Waridi hapo litakuaibisha. Bogenvilia itakushukuru, na tena usiimwagilie sana: ikinyweshwa kila siku inatoa majani tu, ikiachwa na kiu kidogo ndipo inapofunika ukuta kwa rangi.

Kisha chumvi. Hili watu wanalipita haraka, nami nataka kukaa nalo.

Maji ya ardhini ya sehemu nyingi za Dodoma yana chumvichumvi. Angalia ndani ya birika lako uone maji yetu yanavyobeba madini. Yanamwagwa pia kwenye shina la mti, kila siku, na jua linachukua maji na kuyaacha. Mparachichi ni miongoni mwa miti ya matunda inayoivumilia chumvi kidogo mno. Dalili zake nimeziona kwa karibu kwa jirani mwingine: jani linaanza kuungua kwenye ncha, rangi ya kahawia ya karatasi iliyopita karibu na moto. Wiki zinazofuata kahawia inateremka kingo zote mbili, inaelekea ndani, huku katikati ya jani bado kijani kizuri kabisa. Mwenye mti anaona majani makavu, anasema una kiu, anaongeza ndoo. Ya bomba. Yenye chumvi ileile.

Mti unakufa unanyweshwa.

Si kwamba mparachichi hauwezi kabisa kuishi huku. Mwenye tanki la kuvuna maji ya mvua, kivuli cha alasiri na moyo wa subira anaweza kuuvusha. Ila ajue anachokinunua si mti, ni tanki. Komamanga na mtende vinaivumilia chumvi ile bila malalamiko makubwa. Ndiyo maana siku ile nilikuwa na komamanga mkononi, ingawa nakiri niliichagua zaidi kwa sababu ya maua yake.

Mzabibu si wa hapa

Nilikuwa na rafiki anayebishana nami kwenye jambo hili. Yeye ni wa "miti ya asili tu". Nikamuuliza: na zabibu?

Hakuna mmea unaoitambulisha Dodoma kuliko mzabibu, na si wa hapa hata kidogo. Ulikuja na wamisionari katikati ya karne iliyopita, kutoka nchi zenye baridi inayoulazimisha kupukutisha majani na kulala. Huku baridi hiyo hakuna. Mkulima wa Dodoma anautengenezea: anakata maji, anaacha mti upumzike, anapogoa, kisha anafungulia maji tena, na mzabibu unaamka ukidhani masika ya kwao yamefika. Kwa ujanja huo tunavuna mara mbili kwa mwaka, pale wenyeji wake wanapovuna mara moja. Tena ukavu wa hewa unaotutesa sisi ndio unaoupunguzia ukungu na magonjwa ya majani. Upeleke Tanga uone unyevu utakavyoufanya.

Mwarobaini nao ni wa Asia. Mlonge vilevile. Bogenvilia ni ya Amerika ya Kusini. Wote wamekaa, wamezeeka, wanasalimiana na wenyeji.

Tufaa sasa. Huo nao unataka kulala kwa baridi ili macho yake yaamke pamoja, na usiku wetu wa Juni na Julai, ingawa tunavaa masweta, si baridi ya Makete, kule milimani Njombe. Zipo aina zisizodai baridi nyingi. Muulize muuzaji hii ni aina gani. Akikujibu "hii ya kisasa", umeshapata jibu.

Nilichoanza kukiona ni kwamba asili ya mmea inanieleza kidogo. Kinachonieleza mengi ni namna unavyoichukulia miezi ya kiangazi. Mwembe unaitumia kujiandaa kutoa maua. Mbuyu unamwaga majani na kukaa na maji yake ya shinani. Mgunga umeteremsha mzizi mbali. Mwashoki mchanga hauna mpango wowote, unakusubiri wewe.

Kabla ya kitalu kuna greda

Haya yote yalikuwa yameanza kutulia kichwani, mpaka kiwanja cha pili kutoka kwetu kikaletewa greda.

Kilikuwa na migunga kadhaa, mkwaju mmoja mchanga, vichaka nisivyovijua majina. Kwa saa mbili kikawa cheupe. "Kusafisha kiwanja," ndivyo tunavyosema, na hakuna anayeona ajabu. Mwezi wa saba vumbi la kiwanja kile lilikuwa kwenye chai yetu. Mwenye kiwanja, mtu mwema, akaanza kuuliza miche ya miti ya kivuli inayokua haraka inapatikana wapi.

Mzee mmoja wa Kigogo anayepitisha mbuzi wake pale jioni alisimama nami kutazama. Nikamwamkia, akaitikia, akachokonoa kifusi kwa fimbo. Chini yake kulikuwa na kisiki cha mgunga, kinene kama mkono, kimekatwa na tayari kimetoa machipukizi sita saba. Wakati huo wa kiangazi! Bila ndoo, bila samadi, bila mtu.

"Huyu ana mizizi ya miaka mingi," alisema. "Mnamkata, mnakwenda kununua mtoto."

Sikuwa na la kumjibu.

Wanaofuatilia mambo ya mazingira mkoani humu watakuwa wamesikia Kisiki Hai, mradi wa shirika la LEAD Foundation unaowafundisha wakulima wa Dodoma kufufua visiki badala ya kupanda miche. Njia yenyewe ilisambazwa Niger miaka ya 1980 na Mwaustralia aitwaye Tony Rinaudo. Ni nyepesi mno: unachagua chipukizi mbili tatu zilizonyooka, unapogoa zilizobaki, unafunga kitambaa ili kila mtu ajue kisiki kile kina mwenyewe, kisha unalinda. Hata kabla ya hapo tulishaona kule Kondoa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka mwaka 1979, na vilima vilivyokuwa vyekundu vikavaa majani hasa kwa sababu vilipumzishwa.

Hayo ni mashamba na vilima. Kiwanja cha nyumba je?

Hapa nina mashaka, na bado ninayo. Mgunga una miiba inayotoboa kandambili na tairi la baiskeli. Mwenye watoto wadogo ana haki ya kuuogopa. Kisiki kilichokaa palipopangwa msingi au karo hakina mjadala. Mbuyu ukiuacha kwenye kiwanja kidogo, wajukuu wako watalaani. Sisemi kila kisiki kiachwe. Nasema greda lisiingie kabla mtu hajazunguka na kitambaa mfukoni, akachagua kimoja, pengine kile cha kona ya nyuma ambako hakuna kitakachojengwa. Mche wa kitaluni unaingia Oktoba yake ya kwanza na mizizi yenye ukubwa wa kiriba. Kile kisiki kimeshaona Oktoba nyingi kuliko mimi.

Na si miti tu. Mvua za kwanza zikinyesha, mlenda unaota wenyewe pembezoni mwa uwanja wetu. Mama wa Kigogo wanauchuma, wanaukausha, wanausaga, unakuwa mboga ya kiangazi kizima. Sisi wahamiaji tunaung'oa tukiuita majani, ili tupande kabichi tutakayoipulizia dawa mpaka Machi.

Ukoka

Kuhusu ukoka sina mengi, ila hesabu.

Kiangazi, ukoka wa kijani huku unataka kama milimita tano za maji kwa siku. Mita 100 za mraba ni lita 500. Ndoo 25. Kila siku, Mei mpaka Novemba.

Wenyeji walifagia uwanja na kukaa chini ya mti. Sioni kilichokuwa kibaya.

Kilichoingia kwenye daftari

Watu wameniuliza nimeamua nini mwishowe, kana kwamba mimi ni bwana shamba. Nimechora tu ramani ya mshale wa maji: bati linamwaga wapi, bafu linatokea wapi, upepo unaingilia wapi, jua la saa tisa linagonga wapi. Miche ilifuata baadaye.

Mpera uko kwenye maji ya bati. Komamanga iko kwenye ndoo ya bomba. Bogenvilia imepewa ukuta wa magharibi. Mlenda umepewa tuta lake na amri imetolewa kwamba anayeung'oa atakula bila mboga. Kona ya nyuma kuna chipukizi mbili za mgunga zenye kitambaa chekundu, na fundi ameambiwa mara tatu. Uzio wa minyaa niliufikiria, maana mbuzi hawaugusi na kiangazi hakiujui, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni balaa na kwetu kuna mtoto anayechuma kila anachokifikia. Umesubiri.

Watoto walitaka mparachichi, wakanung'unika wiki nzima. Nimewaambia maparachichi yapo soko la Majengo. Yanaletwa kutoka Nyanda za Juu Kusini, yameshiba, yanaiva kwenye mfuko wa unga kwa siku mbili tatu, na hakuna hata moja lililokunywa maji yetu ya mgao.